Vimeng'enya vya Ini Vinapopanda na Sababu Haionekani

ALT na AST ni vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi ndani ya seli, hasa seli za ini, ambako husaidia kuvunja na kujenga asidi amino. Ini la mtu mzima, lenye uzito wa takriban kilo moja na nusu na linalokaa upande wa kulia chini ya mbavu, hupoteza seli chache kila siku na kuotesha nyingine. Ndiyo maana hata mtu mwenye afya njema ana kiasi kidogo cha vimeng'enya hivi katika damu. Kiasi hicho kikipanda, ujumbe wake ni mmoja: mahali fulani seli zinaumia au kufa kwa kasi kuliko kawaida, na vilivyokuwamo ndani vinavujia kwenye damu. Karatasi ya maabara haisemi ni nini kinachoziumiza.

Wala haisemi kwamba ini limeshindwa kazi. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, na watu wengi wamekosa usingizi kwa ajili hiyo. Uwezo wa ini kufanya kazi hupimwa kwa njia nyingine: kwa albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, kwa muda ambao damu huchukua kuganda, maana protini za kugandisha damu hutoka humo humo, na kwa bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini hupaswa kuitoa kupitia nyongo. Mtu anaweza kuwa na ALT ya 200 na ini lake likawa linatimiza kazi zake zote. Mwingine akawa na ALT ya 35 huku ini limejaa makovu, kwa sababu seli zilizobaki za kuvuja si nyingi tena.

AST haikuanza kama kipimo cha ini. Mwaka 1954, John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen walieleza mjini New York kwamba kimeng'enya hicho hupanda katika damu ya mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Mwaka uliofuata Fernando De Ritis na wenzake wa Napoli, Italia, wakaonyesha kwamba hupanda pia kwa wagonjwa wa homa ya ini ya virusi. Historia hiyo ina faida hadi leo. AST imo katika misuli ya moyo, misuli ya mwili, figo na chembe nyekundu za damu, kwa hiyo AST iliyopanda peke yake huenda isihusiane na ini hata kidogo. ALT imejikita zaidi kwenye ini, ingawa nayo imo kwa kiasi katika misuli.

Kila karatasi ya majibu ina safu ya kiwango cha kawaida, na namba zake hutofautiana: kikomo cha juu cha ALT huandikwa 40 katika maabara moja, 45 katika nyingine, 55 kwingineko. Kikomo hupatikana kwa kupima watu wengi wanaoonekana wazima na kuchukua asilimia 95 ya katikati. Hesabu hiyo pekee inatosha kumweka juu ya mstari mtu mmoja kati ya 40 asiye na ugonjwa wowote. Lakini tatizo kubwa liko upande wa pili. Miongoni mwa hao wazima waliopimwa zamani walikuwamo watu wenye mafuta kwenye ini au virusi ambavyo havijagunduliwa, nao wakaivuta juu namba ya kawaida. Mwaka 2002 watafiti wa Milano walipowaondoa watu wa namna hiyo katika hesabu ya wachangia damu, kikomo kilishuka hadi 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Shirika la Afya Duniani linatumia namba hizo hizo katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini B. Mwanamke mwenye ALT ya 38, ambaye maabara imemwandikia kwamba yuko sawa, anastahili kuulizwa maswali mawili matatu zaidi.

Namba ikiwa imepanda kidogo na mtu hana dalili, hatua ya kwanza ni kupima tena baada ya wiki chache. AST hupungua nusu katika damu kwa takriban saa 17, na ALT kwa takriban saa 47, hivyo athari ya jeraha la mara moja husafika yenyewe. Uchambuzi wa takwimu za afya za Marekani ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima waliokuwa na ALT ya juu walikutwa sawa walipopimwa mara ya pili. Kabla ya kurudia, pombe huachwa na kazi nzito huahirishwa kwa wiki nzima. Katika jaribio moja, wanaume wenye afya wasiozoea kunyanyua vyuma walifanya zoezi hilo kwa saa moja tu, na AST na ALT zao zikabaki juu kwa siku 7 au zaidi. Fundi anayebeba zege, mpagazi wa sokoni na mkulima aliye katikati ya msimu wa kulima wanaweza kupata majibu ya namna hiyo bila kukanyaga jimu.

Utata wa misuli huondolewa na kipimo cha kreatini kinasi, kimeng'enya ambacho hutoka kwenye misuli na si kwenye ini. Kipimo hiki hakipaswi kusahauliwa kwa watoto. Mvulana anayechelewa kutembea, anayeangukaanguka au anayeinuka kwa kujishika mapaja, na ALT yake iko juu, anahitaji kupimwa misuli kwanza. Wapo watoto wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne waliotobolewa ini kwa sindano kabla ya mtu yeyote kuitazama miguu yao. Chembe nyekundu zinazopasuka nazo huinua AST, iwe ndani ya mwili wa mgonjwa wa selimundu au ndani ya chupa ya sampuli kwa sababu damu ilivutwa kwa nguvu na kutikiswa njiani.

Kusubiri wiki chache hakumfai kila mtu. Macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai kavu, kutapika mfululizo, kuvuja damu kwenye fizi, kuchanganyikiwa au kusinzia mchana na kukesha usiku ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hali kadhalika ALT inayozidi 1,000. Kwa namba kubwa kiasi hicho orodha ya sababu ni fupi: virusi vya homa ya ini vilivyoingia karibuni, sumu ya dawa, ini kukosa damu wakati presha ilipoporomoka, na mara chache kinga ya mwili kuligeukia ini lenyewe. Mjamzito naye hasubirishwi. Mimba huinua kimeng'enya kingine, ALP, kwa kuwa kondo la nyuma hukitengeneza, lakini haiinui ALT. Mama mwenye presha na ALT ya juu, au anayewashwa viganja na nyayo bila upele, ni wa kuonwa na daktari wa wazazi mara moja. Homa ya ini E, inayoenezwa na maji machafu na iliyowahi kulipuka Kitgum kaskazini mwa Uganda mwaka 2007 na katika kambi za Dadaab nchini Kenya mwaka 2012, huua hadi mmoja kati ya wanne au watano wanaoipata katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba.

Namba za ini husomwa zikiwa pamoja. Zikipanda zaidi ALT na AST, jeraha liko kwenye seli za ini zenyewe. Ikipanda zaidi ALP pamoja na kimeng'enya kingine, GGT, kizuizi au uvimbe uko kwenye mirija ya nyongo: jiwe, uvimbe wa kongosho, au ugonjwa wa mirija midogo isiyoonekana kwa ultrasaundi. ALP bila GGT mara nyingi hutoka kwenye mifupa, na kijana anayerefuka huwa nayo juu bila ugonjwa. AST ikiwa mara mbili ya ALT au zaidi, pombe hushukiwa kabla ya kitu kingine. Mnywaji hupungukiwa na vitamini B6, na ALT huihitaji vitamini hiyo zaidi. Bilirubini ikiwa juu kidogo peke yake na mengine yote sawa, mara nyingi ni hali ya kurithi isiyo na madhara.

Baada ya hapo huja kazi ambayo hakuna mashine ya kuifanya, nayo ni kuuliza. Majibu mengi ya vimeng'enya visivyoeleweka yamelala katika historia ambayo haikuchukuliwa sawasawa. Mgonjwa akiulizwa anatumia dawa gani, hutaja zile za hospitali tu. Mizizi iliyochemshwa, unga wa kupunguza kitambi, dawa ya nguvu za kiume, virutubisho vya kujaza misuli na vidonge alivyopewa na jirani havihesabu kuwa dawa. Inabidi kila kimoja kiulizwe kwa jina, na kiulizwe bila kukaripia, kwa sababu mtu anayeogopa kusemwa huficha kile hasa kinachotafutwa. Tarehe nazo zina uzito. Dawa nyingi zinazoumiza ini hufanya hivyo kati ya siku chache na miezi michache baada ya kuanzwa, na namba zikishuka baada ya kuiacha, ushahidi unakuwa mzito.

Katika Afrika Mashariki dawa za kifua kikuu ziko mstari wa mbele. Kati ya zile nne za mwanzo, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote huweza kuliumiza ini. Ethambutoli hufanya hivyo kwa nadra. Hata hivyo si kila kupanda ni sababu ya kusimamisha dozi. Mtu mmoja au wawili kati ya kumi wanaotumia isoniazidi hupandisha ALT kidogo, kisha ini linazoea na namba hurudi. Dawa husimamishwa ALT ikizidi mara 5 ya kikomo kwa asiye na dalili, au mara 3 kwa mwenye kichefuchefu, maumivu ya tumbo au manjano. Kuziacha kiholela nyumbani ni hatari kubwa kuliko namba zenyewe, kwa sababu kifua kikuu kilichokatishwa dozi huweza kurudi na usugu.

Parasetamoli ni salama kwa kipimo chake, yaani hadi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na vidonge 8 vya miligramu 500. Hatari iko kwenye kurudufu. Mwenye mafua humeza vidonge viwili vya maumivu, kisha dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake, kisha usiku nyingine ya homa, naye hajui kwamba zote ni kitu kimoja. Aliyefunga kula kwa siku kadhaa au anayekunywa pombe sana huumia kwa kiasi kidogo zaidi. Dawa ya kuokoa ini, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8, wakati mgonjwa bado anajisikia mzima.

Pombe huulizwa kwa kiasi. Jibu la "kidogo tu" halipimiki, lakini chupa hupimika: bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Mwanamume anayepitisha gramu 210 kwa wiki, yaani chupa kama 10 au 11, au mwanamke anayepitisha 140, yaani chupa 7, amevuka kiasi ambacho madaktari hukihesabu kuwa kinatosha kuchangia ugonjwa wa ini. Gongo na chang'aa hazina kipimo cha kuaminika. Miraa, au mirungi, nayo iulizwe: madaktari wa Uingereza wameripoti wanaume wenye asili ya Afrika Mashariki walioharibikiwa ini vibaya baada ya kutafuna majani hayo kwa muda mrefu, na vipimo vingine vyote havikuonyesha sababu.

Chakula pia ni swali la daktari. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya yaliota ukungu wa aina ya Aspergillus, unaotoa sumukuvu iitwayo aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa ini kushindwa. Tanzania ilipata mlipuko wa namna hiyo mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu ile ile ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka haileti manjano. Huongeza uwezekano wa saratani ya ini, na zaidi sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini B.

Kisa cha Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, kinaonyesha jinsi jibu linavyoweza kukaa mbali na hospitali. Kuanzia mwaka 2001 wanakijiji wa eneo moja la kaskazini magharibi mwa jimbo hilo walianza kuumwa chembe ya moyo, kukonda na kujaa maji tumboni, baadhi yao wa nyumba moja. Virusi vilivyopimwa havikueleza ugonjwa. Uchunguzi ulichukua miaka, ukapita kwenye maji ya visima na dawa za kuua wadudu zilizowekwa kwenye maghala ya nafaka, hadi ukafika shambani: gugu liitwalo Ageratum conyzoides lilikuwa likiota katikati ya mazao na mbegu zake kuvunwa pamoja na nafaka. Mbegu hizo zina alkaloidi za pirolizidini, ambazo huziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini. Gugu hilo limeenea karibu kila nchi ya joto, na aina nyingine za mimea yenye sumu hiyo hutumika kama dawa za asili.

Virusi vya homa ya ini B na C hupimwa kwa kila mtu ambaye vimeng'enya vyake vimebaki juu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi B na milioni 50 na virusi C. Katika Afrika, virusi B hupatikana zaidi utotoni, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kutoka kwa mtoto mwingine nyumbani, na umri huo ndio unaoamua yajayo: mtoto mchanga anayeambukizwa hubaki navyo kwa uwezekano wa asilimia 90, mtu mzima kwa chini ya asilimia 5. Chanjo ya watoto iliingia katika ratiba ya kawaida nchini Kenya mwaka 2001, Tanzania na Uganda mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuchanjwa. Kupima ALT mara nne bila kupima HBsAg, alama ya virusi B katika damu, hata mara moja, jambo linalotokea sana, ni kutumia fedha ya mgonjwa vibaya.

Virusi B vina tabia ya kutulia na kuamka. ALT inaweza kuwa sawa kwa miaka kisha ikaruka hadi mamia, ikashuka tena, na mgonjwa asihisi kitu zaidi ya uchovu. Kuna mtego mmoja kwa wanaoishi na VVU. Tenofoviri na lamivudini, zilizomo katika ARV zinazotumika sana, hutibu pia virusi B. Mtu akibadilishiwa dawa na tenofoviri ikaondolewa bila kukumbuka kwamba ana virusi B, au akiacha dawa mwenyewe, virusi huamka na ini huwaka ghafla. Virusi C vina habari njema: vidonge vya kumeza kwa wiki 8 hadi 12 huvimaliza kabisa kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Kinachohitajika ni kupima kingamwili, kisha kuthibitisha kwa kutafuta vinasaba vya kirusi, kwa kuwa kingamwili hubaki hata kwa aliyepona.

Virusi visipoonekana, dawa zikiondolewa na pombe ikiwa haipo, sababu inayobaki kwa watu wengi ni mafuta kwenye ini. Takriban asilimia 30 ya watu wazima duniani wanayo. Huambatana na kitambi, sukari, presha na mafuta mengi kwenye damu, na ALT kwa kawaida huwa juu kuliko AST lakini haipiti mara 5 ya kikomo. Wengi wenye mafuta hayo wana vimeng'enya vilivyo sawa kabisa. Ultrasaundi huyaona mafuta yakishafika kama asilimia 20 ya ini. Yakiwa pungufu ya hapo, picha huonekana safi na mgonjwa huambiwa hana kitu. Kiuno kilichopita sentimeta 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke ni fununu inayopatikana kwa futi ya fundi cherehani, ingawa watu wembamba nao wamo.

Tiba yenye ushahidi mkubwa ni kupunguza uzito. Kupungua asilimia 5 hupunguza mafuta, asilimia 7 hutuliza uvimbe wa seli, na asilimia 10 huweza kuyarudisha nyuma makovu. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ya mwisho ni kilo 9, safari ya mwaka mzima au zaidi, wala si ya chai ya kusafisha ini inayouzwa mitandaoni. Soda na juisi zenye sukari ndizo za kuanza kuachwa. Kahawa isiyo na sukari, katika tafiti nyingi, huambatana na ALT ndogo na makovu machache. Resmetiromu, dawa ya kwanza kuidhinishwa mahsusi kwa ugonjwa huu, ilipata kibali Marekani Machi 2024 kwa wale ambao mafuta yameshaleta makovu.

Magonjwa mengine ni machache, na hutafutwa baada ya hayo. Kinga ya mwili huweza kulishambulia ini, zaidi kwa wanawake; hapo kingamwili na protini ya IgG hupanda, na prednisoloni hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema. Mwanamke wa makamo anayewashwa, mwenye ALP ya juu, hupimwa kingamwili dhidi ya mitokondria. Kijana aliye chini ya miaka 40 mwenye ini baya na mikono inayotetemeka au tabia iliyobadilika hupimwa seruloplasmini, akitafutwa shaba iliyorundikana mwilini, ugonjwa ulioelezwa na Samuel Alexander Kinnier Wilson mwaka 1912. Madini ya chuma hupimwa kwa feritini, ila feritini hupanda katika uvimbe wowote na haiaminiki peke yake. Tezi ya shingo na ugonjwa wa siliaki, unaochochewa na ngano, hukamilisha orodha.

Kichocho kinahitaji kutajwa kando, kwa kuwa hakifuati kanuni. Katika vijiji vinavyozunguka Ziwa Victoria, mayai ya kichocho cha tumbo husafirishwa na damu hadi kwenye ini na kuacha makovu kando ya mishipa inayoingia humo, huku seli zenyewe zikibaki nzima. ALT na AST huweza kuwa sawa wakati wengu umevimba na mishipa ya koo la chakula iko karibu kupasuka. Mvuvi anayetapika damu na vimeng'enya vyake ni vya kawaida anahitaji ultrasaundi na kipimo cha choo, pamoja na prazikwanteli.

Ukubwa wa ALT hausemi ini limeharibika kiasi gani; makovu ndiyo yanayosema, na hukadiriwa kwa hesabu iitwayo FIB-4 inayotumia vipimo vilivyopo katika hospitali ya wilaya. Umri huzidishwa kwa AST, kisha jibu hugawanywa kwa chembe sahani zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Wachukuliwe watu wawili wa miaka 48. Wa kwanza ana ALT 81, AST 44 na chembe sahani 240. Kipeuo cha pili cha 81 ni 9. 48 mara 44 ni 2,112. 240 mara 9 ni 2,160. Jibu ni 0.98. Wa pili ana ALT 64, AST 96 na chembe sahani 120. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8. 48 mara 96 ni 4,608. 120 mara 8 ni 960. Jibu ni 4.8. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, na juu ya 2.67 ni mkubwa. ALT ya wa pili ni ndogo kuliko ya wa kwanza, lakini yeye ndiye wa kupelekwa kwa bingwa haraka. Kwa wenye zaidi ya miaka 65 mstari wa chini husogezwa hadi 2.0, na kwa vijana chini ya miaka 35 hesabu hii haitegemewi. Hospitali kubwa zina mashine inayopima ugumu wa ini kwa mawimbi, bila sindano.

Kutoa kipande cha ini kwa sindano huja mwisho. Madaktari wa Nottingham, Uingereza, walichapisha mwaka 2001 matokeo ya wagonjwa 354 ambao vipimo vya damu havikuonyesha sababu: karibu theluthi mbili walikutwa na mafuta kwenye ini, na asilimia 6 tu walikuwa na ini lisilo na kasoro. Sindano ina maana pale jibu lake litakapobadilisha tiba, kwa mfano inaposhukiwa kinga ya mwili, au namba zinapozidi kupanda.

Wakati mwingine sayansi yenyewe haijalijua jibu. Aprili 2022 Uingereza ilitoa taarifa ya watoto wa Scotland waliopata homa kali ya ini bila virusi A hadi E kuonekana. Kufikia tarehe 8 Julai nchi 35 zilikuwa zimeripoti watoto 1,010 na vifo 22. Tafiti zilizotoka Machi 2023 zilikuta kirusi kidogo kiitwacho AAV2, ambacho hakiwezi kuzaliana bila kusaidiwa na kirusi kingine kama adenovirusi, na katika watoto wa Scotland jeni fulani la kinga lilionekana mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. AAV2 ilikuwa ikijulikana kwa miaka mingi kama kirusi kisicho na madhara.

Mgonjwa ambaye amepimwa yote haya bila jibu, namba zikiwa chini ya mara 2 ya kikomo na FIB-4 ikiwa ndogo, hufuatiliwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, na orodha ya dawa na vyakula huulizwa upya kila anaporudi. FIB-4 hurudiwa kila baada ya mwaka 1 hadi miaka 3. Aliyekwisha kupata sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, hufanyiwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6 kutafuta saratani ikiwa bado changa, hata kama ALT yake imesharudi chini ya 30.